Athari za Vumbi la Salfa na Gesi ya Salfa Dioksidi katika Njia ya Hewa: Ufafanuzi kwa Kurejelea Upulizaji wa Mikorosho Masasi na Newala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi salfa inayopulizwa kwenye mikorosho ya Masasi na Newala inavyoathiri njia ya hewa ya binadamu. Hoja inayojengwa ni kwamba hatari ya salfa haielezwi vya kutosha na kiwango cha sumu kinachoandikwa kwenye mfuko. Hutegemea zaidi namna mtu anavyokutana nayo: vumbi linalovutwa alfajiri wakati hewa imetulia, kupumua kwa mdomo chini ya mzigo wa mashine, na unga kushika moto ndani ya nyumba ukawa gesi. Uhaba wa maji wa Uwanda wa Makonde unachukuliwa kuwa sehemu ya maelezo hayo, kwa kuwa ndio unaomfanya mkulima achague unga badala ya dawa ya maji.

1. Salfa na mkorosho

Mkorosho uliletwa katika pwani ya Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16, lakini ulikuja kuwa zao la biashara kubwa la kusini mwa Tanzania katika karne ya 20. Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi takribani tani 16,500 katika msimu wa 1986/87. Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Wakulima walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei iliwavunja moyo. Na ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, uliishambulia mikorosho iliyokuwa imekwisha kudhoofika kwa kukosa palizi. Martin na wenzake (1997) wanaueleza ugonjwa huu kuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa kabisa vya zao hilo.

Ubwiriunga husababishwa na kuvu, Oidium anacardii, anayetanda kama unga mweupe juu ya majani machanga, maua na vitunda. Ua lililoshambuliwa hunyauka kabla ya kushika tunda, na shamba lisilotibiwa huweza kupoteza asilimia 70 hadi 100 ya mavuno. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walionesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa mapema na kurudiwa unaweza kuuzuia. Pendekezo lililoenea tangu wakati huo ni gramu 250 kwa mti kwa kila raundi, na kurudia kila baada ya wiki mbili hivi katika kipindi cha kuchipua na kutoa maua, ambacho kwa sehemu kubwa huangukia kati ya Juni na Septemba. Raundi tano hufanya kilo 1.25 kwa mti. Mwenye mikorosho 100 basi hupitisha mikononi mwake kilo 125 kwa msimu, yaani mifuko mitano ya kilo 25. Kijana anayelipwa kupulizia mashamba ya watu kumi wa namna hiyo hukutana na zaidi ya tani moja.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa mjadala unaofuata, kwa sababu maelezo ya usalama wa salfa huanzia kwenye sumu ya dozi moja. Katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, salfa imo katika daraja la III, la viuatilifu vyenye hatari ndogo. Uainishaji huo hutegemea hasa sumu ya kumeza na ya kupitia ngozi kama inavyopimwa kwa panya. Haukukusudiwa kueleza kinachotokea katika koo la mtu anayetembea ndani ya wingu la unga kwa saa nne, siku baada ya siku. Hata hivyo daraja hilo ndilo linalomfikia mkulima likiwa limefupishwa kuwa maneno matatu, kwamba salfa haina sumu. Ufupisho huo hauna budi kusahihishwa.

2. Unga badala ya maji

Zipo dawa za maji dhidi ya ubwiriunga, zikiwamo zenye triadimenoli na heksakonazoli, nazo hazirushi vumbi. Lakini kila mti mkubwa huhitaji takribani lita moja ya mchanganyiko kwa raundi. Kwa mikorosho 100 hizo ni lita 100, au ndoo tano za lita 20, kwa raundi moja tu.

Mtu asiyelijua eneo hili huenda akaona ndoo tano si kitu. Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga iliyoinuka, nao mchanga huo hunyonya mvua na kuipeleka chini sana. Juu ya uwanda hakuna mito ya kudumu. Maji hutokeza kwenye miguu ya uwanda, kama yanavyotoka katika chemchemi za Ndanda, na wakazi wa juu kwa vizazi vingi wamekuwa wakishuka ukingo kuyafuata au kuvuna mvua katika matangi ya chini ya ardhi. Mradi wa Maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka bonde la Mitema hadi juu, ulipunguza shida hiyo bila kuimaliza. Isitoshe, upulizaji hufanyika wakati wa kiangazi, maji ya kuvuna yakiwa yanapungua kila wiki. Katika hali hiyo ndoo tano za shambani hushindana na ndoo za kupikia na kuoga, na anayezibeba kwa kawaida ni mwanamke au mtoto, si mwenye mashine.

Mji wa Masasi uko chini zaidi, magharibi ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe, na hali yake ya maji ni tofauti. Kwa hiyo si sahihi kuzungumzia wilaya hizi mbili kama mazingira mamoja ya hatari. Ushauri wa kubadili dawa, unaoweza kutekelezeka katika baadhi ya vijiji vya Masasi, huko Newala unaweza kuwa ushauri wa kumtuma mtu bondeni mara tano zaidi.

3. Unga na gesi

Katika mazungumzo ya kila siku neno salfa hubeba vitu viwili ambavyo mtafiti wa afya lazima avitenganishe. Cha kwanza ni salfa yenyewe, unga wa manjano usioyeyuka katika maji na usio na harufu kali ukiwa mkavu na safi. Cha pili ni salfa dioksidi, gesi isiyo na rangi, yenye harufu ya kukaba kama ya kiberiti kilichowashwa, inayozaliwa salfa inapoungua. Unga ukibaki unga ni kiwasho. Ukiungua ni gesi ya sumu.

Salfa huungana na oksijeni kwa njia mbili zenye kasi tofauti kabisa. Katika udongo kazi hiyo hufanywa na bakteria, polepole, na matokeo yake ya mwisho ni asidi ya salfuriki. Ndiyo maana Majule, Topper na Nortcliff (1997), waliochunguza athari za kimazingira za upulizaji huu kusini mwa Tanzania, waliona udongo wa chini ya mikorosho ukielekea kuwa na asidi. Katika moto tendo hilo huchukua dakika chache. Salfa huyeyuka kwenye nyuzijoto 115 hivi na huweza kushika moto kabla ya kufikia nyuzi 250, kiwango cha chini sana ukilinganisha na kaa la mafiga. Kila kilo moja ya salfa inayoungua hutoa kilo mbili za salfa dioksidi, kwa kuwa uzito wa oksijeni inayoongezeka ni sawa na uzito wa salfa yenyewe.

Kati ya hali hizo mbili kuna ya tatu, nayo ni mvuke. Salfa iliyotua juu ya jani hutoa mvuke kidogo jua linapopanda, na sehemu ya nguvu yake dhidi ya kuvu hutokana na mvuke huo. Anayeingia shambani mchana kupalilia chini ya miti iliyopulizwa asubuhi hukutana na mabaki haya pamoja na unga unaodondoka matawi yanapotikiswa. Macho ndiyo hulalamika kwanza.

4. Njia ya hewa inavyopokea

Njia ya hewa huanza puani, hupita kwenye koromeo na zoloto, hushuka kwa trakea, hugawanyika kuwa bronki na bronkioli, na kuishia katika vifuko vya hewa ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Sehemu yote ya juu imetandikwa utando wenye ute, na juu ya seli zake kuna vijinywele vinavyopiga kwa pamoja kuelekea kooni, vikisukuma ute na kila kilichonaswa humo. Mtu humeza au hutema matokeo ya kazi hiyo mchana kutwa bila kuiwaza.

Chembe zenye kipenyo cha zaidi ya maikromita 10 hunaswa kwa sehemu kubwa puani na kooni. Ndogo zaidi huteremka hadi bronki, na zile zisizofikia maikromita 4 huweza kufika kwenye vifuko vya hewa. Unga wa salfa wa shambani ni mchanganyiko wa ukubwa mbalimbali, kwa hiyo sehemu kubwa yake huishia juu, ambako hukausha koo, huwasha pua, huleta kikohozi na kuongeza ute. Sehemu ndogo hupita. Kwa mtu mwenye afya, vijinywele huweza kuiondoa sehemu hiyo kwa saa kadhaa. Kwa mvutaji sigara, ambaye vijinywele vyake vimelemaa, au mwenye pumu, ambaye misuli ya bronki zake hujikaza kwa kichocheo kidogo, kazi ya kuondoa huwa pungufu au mwitikio huwa mkubwa kupita kiasi.

Mpulizaji havuti salfa peke yake. Mdomo wa mashine hupuliza kwa nguvu, huinua mchanga na majani makavu ya chini ya mti, na injini iliyo mgongoni mwake, yenye kutumia petroli iliyochanganywa na oili, hutoa moshi na monoksidi ya kaboni karibu kabisa na kisogo chake. Utafiti utakaopima salfa tu na kuacha vitu hivi vingine utakipa kisababishi kimoja mzigo wa vitatu.

Gesi hufuata kanuni nyingine. Salfa dioksidi huyeyuka kwa urahisi katika maji, na utando wa pua ni maji. Mtu aliyetulia akipumua kwa pua, zaidi ya tisa ya kumi ya gesi hiyo hunaswa kabla ya kufika kwenye zoloto. Inapoyeyuka hufanya asidi ya salfurasi pamoja na ayoni za salfaiti, ambazo huchokoza miisho ya neva. Ubongo hujibu kupitia neva ya vagasi kwa kuamuru misuli laini ya bronki ijikaze. Ndiyo sababu kifua hubana ndani ya dakika chache, kabla uvimbe haujapata muda wa kutokea. Wenye pumu wanaofanya kazi ya nguvu huweza kubanwa kifua katika viwango vya sehemu 0.25 hadi 0.5 kwa milioni ya hewa, viwango ambavyo mtu mwingine pengine hata harufu haitamsumbua.

Maneno "mtu aliyetulia akipumua kwa pua" ndiyo yanayobeba uzito wa sehemu hii. Mtu aliyekaa huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Mpulizaji amebeba mashine, petroli na unga, mzigo unaoweza kuzidi kilo 20, naye anatembea kwenye mchanga huku akiinua mkono kuelekeza bomba juu ya mti. Mahitaji yake ya hewa huweza kufika lita 40 kwa dakika au kuzidi, na kabla ya kufika hapo pua hushindwa kupitisha hewa ya kutosha, mdomo ukafunguka. Mdomo hauna vipindo wala utando mpana wa kunasa gesi na vumbi. Kwa hiyo kazi huongeza hewa inayovutwa mara tano au zaidi, na wakati huohuo huondoa kichujio. Vipimo vilivyochukuliwa kwa mtu aliyeketi havimhusu.

5. Saa za alfajiri

Wakulima hupuliza mapema, wengine kabla ya mapambazuko, nao hawakosei. Umande hushikiza unga kwenye maua, na hewa iliyotulia huuacha upande juu ya mti kisha utue badala ya kwenda shamba la jirani. Upepo wa saa nne asubuhi humaliza kazi.

Utulivu huo una chanzo cha kifizikia. Usiku usio na mawingu wa kiangazi, ardhi hupoteza joto haraka. Hewa iliyogusana nayo hupoa, huwa nzito, na hukaa chini ya hewa yenye joto zaidi iliyo juu yake kama maji chini ya mafuta. Kilichorushwa ndani ya tabaka hilo hakipandi. Wingu la salfa huelea chini ya matawi, kwenye kimo cha pua za watu, mpaka jua lianze kuchanganya hewa. Mazingira bora ya kutibu mti ndiyo mazingira mabaya zaidi ya kupumua, na mpulizaji hawezi kuchagua moja bila kupata na jingine. Mashamba ya Newala mara nyingi yamezunguka nyumba, kwa hiyo wingu hilo huwafikia pia walio bado vitandani, na watoto wanaotoka kwenda shule katika saa hizohizo.

Kanga au fulana inayofungwa puani huzuia chembe kubwa zinazoonekana, na kwa sababu hiyo humpa mvaaji imani isiyolingana na kazi yake. Chembe ndogo hupita kwenye nyuzi na pembeni mwa mashavu. Barakoa ya kuchuja vumbi, ikikaa vizuri usoni, husaidia dhidi ya unga lakini haizuii gesi hata kidogo. Gesi huhitaji kichujio cha kemikali. Maofisa ugani wanaosema "barakoa" bila kutaja ni ya nini huwaacha wasikilizaji na kanga zao.

6. Mfuko ndani ya nyumba

Salfa ni mali. Hupatikana kwa msimu, huchelewa, huibwa, na mwenye mifuko mitano huiweka anapolala. Hatari ya hapa hailingani na ile ya shambani, na makala haya yanaipa uzito mkubwa zaidi kwa sababu ndiyo inayoweza kuua kwa usiku mmoja.

Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita mbili na nusu, yaani mita za ujazo 22.5. Zikiungua humo gramu 10 za salfa, ambazo hazizidi sana kijiko cha chakula, hutoka gramu 20 za salfa dioksidi. Hewa isipopishana, hicho ni kiwango cha takribani miligramu 890 kwa mita ya ujazo, au sehemu 340 kwa milioni. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huhesabu sehemu 100 kwa milioni kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kijiko kimoja hupita kiwango hicho zaidi ya mara tatu. Mfuko wa kilo 25 una vijiko kama 2,500. Nyumba halisi huvuja hewa kwenye paa na madirisha, na hesabu hii haidai usahihi wa maabara. Inaonesha ukubwa wa jambo.

Gesi hiyo ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya hewa, hivyo hujaa kutoka chini kwenda juu, na aliyelala mkekani huifikia kabla ya aliyesimama. Wasemaji wa Kiswahili wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, wana neno mazuku kwa mabonde yanayojaa kaboni dioksidi na kuua wanyama na watoto bila dalili. Salfa dioksidi hutofautiana nayo kwa jambo moja la heri: hunukia na kuchoma katika kiwango kidogo, ikimwamsha mtu. Heri hiyo haimsaidii mtoto mchanga, wala mtu aliyefungiwa mlango kwa nje kwa kuogopa wezi.

Cheche hutoka wapi? Mafiga ya jikoni, kibatari, mshumaa, sigara. Kuchoma mifuko mitupu ni njia nyingine, kwani vumbi lililobaki kwenye pindo za mfuko hutosha kutoa gesi usoni mwa anayechochea. Moto wa kusafisha majani chini ya mikorosho hupita juu ya mabaki ya msimu mzima. Vumbi la salfa lililotanda hewani ndani ya ghala huweza pia kulipuka likikutana na cheche, nalo halihitaji kuwa jingi: gramu 35 hivi katika mita moja ya ujazo hutosha.

Mtu aliyevuta gesi kwa wingi hukohoa, hutokwa machozi, na zoloto huweza kujifunga. Akinusurika saa ya kwanza hajawa salama. Utando uliounguzwa huvimba, na majimaji huweza kujaa katika mapafu saa kadhaa baadaye, mpaka siku moja au mbili, wakati yeye na jamaa wameshaamini kwamba amepona. Wiki kadhaa baada ya hapo bronkioli huweza kuziba kwa makovu. Wengine hubaki na njia za hewa zinazojikaza kwa kila moshi na kila baridi, hali ambayo Brooks na wenzake waliieleza mwaka 1985 kuwa namna ya pumu inayozaliwa na tukio moja.

7. Salinas na Mishraq

Tafiti mbili za mbali husaidia kuisoma hali ya Masasi na Newala, kila moja kwa upande wake. Ya kwanza ni ya Bonde la Salinas, California, ambako salfa hutumika katika kilimo. Raanan na wenzake (2017) waliwafuatilia watoto wa familia za wafanyakazi wa mashambani na kuwapima wakiwa na umri wa miaka saba. Ongezeko la mara kumi la salfa iliyotumika ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani katika mwaka uliotangulia liliambatana na upungufu wa wastani wa mililita 143 katika hewa inayotolewa kwa sekunde ya kwanza, pamoja na dalili za kifua na matumizi ya dawa za pumu kuongezeka. Watoto hao hawakuwa wapulizaji. Waliishi jirani tu. Ikiwa kilomita moja ya California huacha alama, mashamba yanayogusa ukuta wa nyumba yanastahili kupimwa kwa bidii isiyo pungufu.

Ya pili inahusu gesi. Mnamo Juni 2003 machimbo ya salfa ya Mishraq, karibu na Mosul nchini Iraki, yalishika moto na kuungua kwa takribani mwezi mmoja. Miaka kadhaa baadaye King na wenzake (2011) waliwachunguza wanajeshi wa Marekani waliorejea nyumbani wakiwa hawawezi tena kukimbia kama awali. Kati ya 49 waliofanyiwa upasuaji wa kuchukua sampuli ya pafu, 38 walikutwa na bronkioli zilizobanwa na makovu, na wengi wa hao walikuwa wamepitia moshi wa Mishraq. Picha za eksirei za kifua zao karibu zote zilikuwa za kawaida.

Moto ule ulikuwa mkubwa usiolinganika na mfuko wa mkulima, na wanajeshi wale walivuta pia mavumbi na moshi wa aina nyingine. Kinachochukuliwa hapa ni jambo moja finyu: eksirei safi haitoshi kumwambia mtu aliyevuta salfa dioksidi kwamba mapafu yake ni mazima.

8. Utambuzi katika vituo vya tiba

Mkulima mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi anapofika katika zahanati ya kijiji, au katika hospitali za Mkomaindo, Ndanda au Newala, huchunguzwa kwanza kifua kikuu. Utaratibu huo ni sahihi na haupaswi kulegezwa. Tatizo ni kinachofuata makohozi yakionekana hayana vimelea. Kikohozi cha salfa, cha moshi wa kuni, cha pumu na cha mafua ya kipupwe hufanana masikioni, na vyote hukutana katika miezi ileile ya Juni hadi Septemba. Msimu peke yake hautofautishi.

Kinachotofautisha ni mfuatano. Aulizwe mgonjwa anapuliza mashamba ya nani na tangu lini. Kifua hubana wakati wa kazi au usiku baada yake. Nafuu huja siku asizopuliza au haiji. Salfa huhifadhiwa chumba gani. Na kama kumewahi kutokea moto. Kipimo cha mkono cha kasi ya kutoa pumzi, ambacho hakihitaji umeme, kikitumika asubuhi na jioni kwa wiki mbili zenye siku za kupuliza na za kupumzika, humpa tabibu mchoro ambao stetoskopu haiwezi kuutoa. Aliyevuta gesi ya moto azuiliwe kituoni kwa uangalizi wa saa 24 hadi 48 hata kama anasema amepona, apewe oksijeni na dawa ya kutanua bronki inapohitajika, na arudi baada ya wiki chache kupimwa pumzi.

9. Mpangilio wa kinga

Ushauri wa kinga unaotolewa kwa wakulima mara nyingi huanza na mavazi. Kwa hoja zilizotangulia, mpangilio huo unafaa kugeuzwa. La kwanza ni kuutoa mfuko ndani ya nyumba ya kulala. Vyama vya msingi vilivyo chini ya vyama vikuu, TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi, vina maghala ya korosho, na maghala hayo kwa kiasi kikubwa huwa matupu katika miezi ya kupuliza, kwa kuwa mavuno huanza kumiminika mnamo Oktoba. Sehemu yake iliyotengwa, yenye kupitisha hewa na isiyo na moto, ingeweza kutunza mifuko ya wanachama kwa daftari, na kusafishwa kabla ya korosho kuingia. Wizi ndio uliouingiza mfuko chumbani, kwa hiyo ghala lisilo na ulinzi halitautoa.

La pili ni mwendo shambani. Hata katika hewa iliyotulia kuna mvuto mdogo, unaoonekana kwa kudondosha kiganja cha vumbi. Mpulizaji aanzie upande unakoelekea mvuto huo na kurudi nyuma safu kwa safu kuelekea unakotoka, ili wingu alilolitengeneza libaki mbele yake. Jirani aambiwe siku moja kabla, madirisha yafungwe, na watoto wasipitie shamba hilo. Wapulizaji wawili wakipokezana mashine, kila mmoja hupata nusu ya saa za wingu na pumzi yake hutulia anapopumzika. Barakoa ya vumbi hufuata baada ya hayo, ikiwa na maelezo ya inachoweza na isichoweza.

La tatu, dawa za maji, lipimwe kijiji kwa kijiji kwa kuhesabu ndoo. Pale ambapo bomba la Mitema au tangi la mvua linaweza kutoa lita 100 kwa raundi bila kuinyima jikoni, unga unaweza kuachwa. Pale ambapo haliwezi, mtafiti wa afya na mhandisi wa maji wana swali moja la kujibu pamoja, na daftari la wagonjwa wa zahanati, likiongezewa safu moja ya kuandika kama mgonjwa ni mpulizaji, ndilo lingekuwa chanzo cha kwanza cha takwimu zao.